Mguu wa Kiberiti

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kunyolea, pale lami inapoishia na vumbi linapoanzia. Kila jioni wanakaa watu wale wale. Kuna Mstaafu, aliyefanya kazi miaka yake yote ofisi ya vipimo na mizani, na mpaka leo hanywi kahawa kabla hajachungulia kama kikombe kimejaa. Kuna Redio, fundi wa vyombo vya umeme, ambaye habari ikimwingia na kilo moja humtoka na tatu. Kuna Profesa, mwenye bucha hapo jirani. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hakuna ugonjwa asioujua. Na kuna Mama Kiberiti, muuza kahawa, ambaye bila yeye benchi lingekuwa ubao tu. Mimi hunyoa na kusikiliza, na mteja asipokuwepo huchangia. Siku ninazozisimulia hatukuwa na siasa wala mpira. Tulikuwa na mguu mmoja tu, mguu wa binti yake Mama Kiberiti, na tuliujadili mpaka ukawa kama mali ya umma.

Huyo binti tulimwita Kiberiti tangu akiwa mdogo: mwembamba, mfupi, ukimkwaruza anawaka. Mchana hupiga pasi kwa dobi, kutwa yuko wima. Asubuhi na jioni hukimbia. Alikuwa tegemeo la timu ya mbio ya mtaa wetu, na kocha wa timu hiyo ni mjomba wake, mdogo wake Mama Kiberiti wa tumbo moja. Mashindano ya mchujo yalikuwa yanakaribia, na mtaani ilishasemwa kwamba Kiberiti atapita bila kutoa jasho.

Jioni moja akatokea anachechemea.

— Umekanyaga nini? nikamuuliza.

— Sijakanyaga kitu, kaka. Ni huku chini, mbele, kwenye mfupa wenyewe. Mwanzoni palikuwa panauma nikikimbia, nikipumzika panaacha. Sasa hata nikisimama na pasi panauma.

Profesa akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue anatoa hukumu.

— Huo ni msuli umelalia mfupa. Nimefungua mapaja ya ng'ombe wewe hujazaliwa. Sugua kwa maji ya moto, usiuonee huruma, mpaka uamke.

— Msuli wapi, akasema Mstaafu. Ni pasi hiyo. Mnajua pasi ya dobi ina uzito gani? Uzito wote ule unashuka mwilini, unatua kwenye muundi. Ningekuwa na mizani yangu hapa ningewaonyesha.

— Mimi nimesikia ni minara ya simu, akasema Redio. Mawimbi yanapita hewani yanatafuta mifupa myembamba. Sisi wenye nyama tunanusurika.

Kiberiti akatutazama mmoja mmoja.

— Na mimi nimewauliza?

— Hujatuuliza, akasema Profesa. Tumekusaidia tu.

Kocha naye akafika, filimbi shingoni. Mtu huyu hata msibani huenda na filimbi. Akainama, akaushika mguu, akaubonyeza huku na huku, Kiberiti akauma mdomo.

— Uvivu wa msuli, akasema Kocha. Ukiupa nafasi utakutawala. Kesho njoo mapema, tutapanda kile kilima taratibu, utapoa wenyewe.

— Mjomba, panauma kweli.

— Mashindano nayo ni ya kweli. Unadhani wenzako hawaumwi?

Akaenda kile kilima. Akaenda na siku ya pili, na ya tatu. Jioni zikawa zinamrudisha polepole zaidi, na sisi benchini tukawa tunahesabu hatua zake kama watu wanaosikiliza matokeo. Halafu siku moja Mama Kiberiti alikuwa anamimina kahawa, akamwona mwanawe anavuka barabara ameshika ukuta. Birika likabaki hewani, kahawa ikamwagikia gunia la mkaa.

— Kesho hakuna kahawa hapa, akasema. Nampeleka mtoto hospitali.

— Kwa mguu tu? akauliza Redio.

— Ndiyo, kwa mguu tu. Kwani anakimbilia masikio?

Siku hiyo benchi lilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Mstaafu alikuja, akatazama mahali penye jiko, akaondoka. Kesho yake tulikuwa tumefika wote kabla ya maji kuchemka.

— Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido, akatusimulia Mama Kiberiti. Mimi nilitarajia sindano. Nakuta mipira mikubwa, mikanda ya mpira imening'inia kwenye misumari, na ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote. Daktari wa viungo ni dada mmoja mdogo tu, mpole. Akamwambia Kiberiti asimame kwa mguu ule, aruke. Akaruka mara moja akashika ukuta. Basi yule dada akapitisha kidole juu ya mfupa, polepole, kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka. Akafika mahali, mtoto akapiga ukelele mpaka mimi nikasimama. Wakampiga picha. Mfupa una ufa.

— Ufa! Redio akashika kichwa. Yaani umevunjika!

— Haujavunjika. Umechoka. Dada yule anasema kukimbia kunaupiga mfupa, na mfupa hujijenga mtu akipumzika. Sasa wa huyu wangu unapigwa leo kabla haujajenga ya jana. Akiendelea hivyo utakatika kweli.

— Mfupa unachokaje? akauliza Profesa. Mimi mifupa yote ninayoiona imepumzika.

— Kwa sababu wenye mifupa hiyo umewachinja! akajibu Mama Kiberiti.

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Kiberiti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananyanyua kisigino cha mguu mzima na kukishusha, ananyanyua na kukishusha, kama mtu anayesukuma cherehani.

— Hajaambiwa alale kitandani, akaendelea mama yake. Ameambiwa asikanyage barabara ya mazoezi mpaka apewe ruhusa. Ale ashibe, maana yule dada alimuuliza anakula nini asubuhi, mtoto akaona aibu kujibu. Alale vya kutosha. Na akitaka kukimbia, akakimbie kwenye bwawa la kuogelea.

— Akimbie wapi? akauliza Mstaafu.

— Majini, akajibu Kiberiti mwenyewe. Unafunga mkanda wa kuelea kiunoni, unaingia kwenye kina, miguu haigusi chini. Unakimbia vile vile kama barabarani. Moyo unafanya kazi, mapafu yanafanya kazi, mfupa haupigwi.

— Unakimbia kwenda wapi?

— Siendi popote. Nakimbia hapo hapo.

— Basi hilo halipimiki, akasema Mstaafu kwa huzuni. Kitu kisichotoka hapa kwenda pale, utakipimaje?

— Na kuna jingine, akasema Kiberiti. Mle chumbani nimemkuta Samaki.

Samaki tunamjua: mwalimu wa watoto wa chekechea, kijana mrefu, bingwa wa kuogelea. Alikuwa na maumivu ya bega, na yeye alikatazwa maji. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkanda wa mpira uliofungwa ukutani, kuurudisha, kuuvuta tena, mpaka misuli ya nyuma ya bega ipate nguvu ya kulishika bega mahali pake.

Redio akasimama wima.

— Ngojeni kwanza. Mwogeleaji anatolewa majini, mkimbiaji anatiwa majini? Na bado mmekaa mnakunywa kahawa? Hapo kuna mpango! Klabu ya kuogelea haina watu, kila mwaka wanashindwa. Wameweka mtu wao hospitalini. Mkimbiaji akienda na mguu, anapelekwa bwawani. Akizoea, harudi. Mnaporwa mchana kweupe!

— Na yule Samaki? nikamuuliza.

— Chambo.

— Maji ya bwawa yana dawa, akaongeza Profesa. Dawa ile inaondoa rangi ya nguo, mnaona wenyewe. Itauacha mfupa? Utatoka pale umelainika kama gegedu. Baada ya hapo atakimbia vipi? Atakuwa anajikunja.

— Mimi nitakwenda, akasema Kiberiti.

— Mjomba wako atasemaje?

— Mguu wa mjomba hauna ufa.

Kocha alikuja jioni ile ile. Habari ilikuwa imemfikia, na bila shaka imemfikia kupitia kwa Redio. Hakukaa. Alisimama mbele ya benchi miguu imepanuka, kama yuko uwanjani.

— Dada, akamwambia Mama Kiberiti, unamwacha mtoto anaharibikiwa unaangalia?

— Nimemtoa kwako akiwa ameharibika. Namtengeneza.

— Mashindano yamebaki siku za kuhesabu! Hawa wa hospitali wanajua kutibu wagonjwa, hawajui kutibu wakimbiaji. Mkimbiaji akipumzika anaoza. Akamgeukia Kiberiti. Jumamosi asubuhi timu nzima iko barabarani. Usipokuwepo, fulana yako namvalisha mtu mwingine.

Fulana za timu yetu ni za njano, zina mstari mweusi kifuani. Ukiipata, watoto wanakufuata mpaka dukani. Kiberiti aliipata akiwa bado anasoma, na hakuna siku nimemwona amechafua hata ukosi wake.

Akainuka kwenye ndoo, akaenda akichechemea mpaka nyumbani kwao, nyumba ya pili kutoka kwangu. Tukadhani amekwenda kulia. Akarudi na fulana mkononi, imekunjwa pembe nne, kama inavyotoka kwa dobi.

— Usingoje Jumamosi, Mjomba. Hii hapa. Nimeipiga pasi.

Kocha hakunyoosha mkono.

— Unanivunjia heshima mbele ya watu.

— Sikuvunjii heshima. Wewe ulinifundisha kukimbia na sitasahau. Ila nimekwambia panauma, hukuniuliza panaumaje. Umesikia kuna ufa, umeniambia kuna mashindano. Fulana ni yako. Mguu ni wangu.

Akaiweka benchini, katikati ya Mstaafu na Profesa. Wote wawili wakasogea kama wamewekewa kaa la moto. Kocha akaichukua, akaondoka bila kuaga, na filimbi yake ikawa inamgonga kifuani. Mama Kiberiti akarudi kumimina kahawa. Alikuwa amepoteza mdogo wake kwa sababu ya mtoto wake, au ndivyo ilivyoonekana siku ile.

Redio alikuwa bado na wasiwasi na mpango wa klabu ya kuogelea, na Profesa na dawa ya bwawa, kwa hiyo tukatumwa mimi na Profesa tukajionee. Bwawa liko nyuma ya shule ya ufundi, limezungushiwa ukuta wa matofali yenye matundu. Ndani kuna joto la unyevu na harufu inayokwangua pua. Profesa akaziba yake kwa leso. Kiberiti alikuwa kwenye kina, mkanda wa bluu kiunoni, kichwa na mabega tu juu ya maji. Mikono inakata kama yuko kwenye mita za mwisho. Uso umekunjamana, pumzi inatoka kwa nguvu. Na haendi popote. Pembeni alikuwa amesimama Samaki, nguo kavu, mkanda wa mpira kaufunga kwenye nguzo anauvuta, huku akimtolea sauti:

— Mgongo wima! Usiogelee! Kimbia! Sasa kasi... kasi... haya, punguza!

Msimamizi wa bwawa akatoka kwenye kijichumba chake. Mtu wa kitambi na kandambili, funguo kiunoni zinalia.

— Wewe dada! Toka majini! Husomi? Akaonyesha ubao ukutani, maandishi mekundu: USIKIMBIE.

Kiberiti hakusimama. Akajibu huku anakimbia, neno moja kila pumzi.

— Ubao... unasema... walio... kando. Wasiteleze. Mimi... niko... ndani.

— Haujasema kando wala ndani. Umesema usikimbie. Na wewe unakimbia.

— Umeniona nikienda wapi?

Msimamizi akatazama maji, akatazama ubao. Kweli, dada wa watu alikuwa pale pale alipomkuta.

— Lakini unawasumbua waogeleaji.

Waogeleaji walikuwa akina mama wawili na mzee mmoja, nao walikuwa wameacha kuogelea zamani, wameshika ukingo wanafuatilia kesi.

— Mimi hanisumbui, akasema yule mzee. Mwache akimbie.

— Taratibu za hapa nimeziweka mimi!

— Basi nitoe mwenyewe, akasema Kiberiti. Kina ni kirefu. Karibu.

Mtu yule akashusha macho kwenye kandambili zake. Tukajua sote, na yeye akajua tumejua, kwamba msimamizi wa bwawa hajui kuogelea. Akarudi kijichumbani, akawasha redio kwa sauti kubwa. Kiberiti akaendelea. Kila siku baada ya kazi alikwenda, na kila siku msimamizi alimwonyesha ubao, na yeye akamwamkia kwa heshima zote akaingia majini.

Siku ya mchujo ilipofika, gari la timu lilipita mbele ya benchi letu, fulana za njano madirishani, ngoma na vifijo. Kiberiti alikuwa kwenye kiti changu cha kunyolea, anangoja mama yake amalize wateja. Aligeuza uso mpaka gari likapita. Nilijifanya nasafisha mashine.

Mama yake akaingia, akafuta mikono kwenye kanga.

— Mama, kama nimekosea je?

— Umekosea nini?

— Kama mfupa ungepona hata nikikimbia. Kama Mjomba alikuwa sahihi. Leo ningekuwa mle garini. Nimeota mashindano haya mwaka mzima, nikiwa na pasi nayaona kwenye ubao wa kupigia nguo. Sasa wanakwenda, mimi nanuka dawa ya bwawa.

Machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Mama Kiberiti hakumwambia asilie. Akakaa kwenye kiti cha wateja wanaongoja zamu, akaupakata mguu ule ulioumia, akaanza kuukanda chini juu, pale alipoonyeshwa, misuli tu, bila kugusa mfupa.

— Sijui kama umekosea, mwanangu. Mimi si daktari. Ninachojua, nilikuona umeshika ukuta kuvuka barabara. Mwanangu anayekimbia kuliko wote hapa, ameshika ukuta. Siku ile niliapa: wakitaka medali watafute kwingine, mimi nataka miguu.

Kiberiti akafuta uso kwa taulo langu safi, nikamsamehe. Kisha akachukua mfuko wake akaenda bwawani. Jioni tukasikia kwamba timu yetu haikupitisha mtu. Redio alisema ni kwa sababu ya upepo.

Wiki zikapita. Kuchechemea kukaisha bila sisi kujua siku ipi. Dada wa viungo alimruhusu kwanza kutembea haraka, halafu kukimbia kidogo na kutembea kidogo, kwenye nyasi, si kwenye lami. Sisi tulidhani akiruhusiwa tu atafyatuka. Hakufyatuka. Alikuwa anapita mbele yetu anakimbia, kisha katikati ya njia anasimama, anatembea, sisi tunapiga kelele:

— Choma, Kiberiti! Mbona umezimika?

— Zamu ya kutembea hiyo! anajibu bila kugeuka.

Profesa akasema msichana amekwisha. Mstaafu akasema amekuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kiberiti akasikia yote, akatembea zamu yake mpaka mwisho. Mimi nimeona watu wengi wakikaidi kwa kukimbia. Sikuwa nimewahi kumwona anayekaidi kwa kutembea.

Ndipo zikatangazwa mbio za wazi, zile zisizohitaji timu. Mwenye miguu anaingia. Samaki alikuwa amesharudi majini, bega limetulia, lakini siku hiyo alikuja kusimama barabarani na chupa ya maji. Benchi zima tulikwenda. Kiberiti alikimbia na fulana nyeupe ya kwa dobi, nyuma imeandikwa TUNAFUA NA KUNYOOSHA. Watu wakacheka mwanzoni. Mwendo wa kwanza alikuwa nyuma, katulia. Fulana za njano za timu yetu zote zilikuwa mbele yake. Walipofika kile kilima akazipita moja moja, bila kuzitazama, kama mtu anayepita nyumba za watu asiowadai kitu. Wageni wawili walimtangulia. Alikuwa wa tatu. Akavuka mstari, akainama, akashika magoti, sote tukashika pumzi. Akainuka anacheka.

Jioni ile benchi halikutosha. Wenye viti walikuja na viti vyao, Mama Kiberiti alitia maji birika mara mbili, na kila mtu alikuwa amemponya Kiberiti.

— Ni mifupa ya supu niliyokuwa nawapelekea, akasema Profesa. Mfupa hulishwa mfupa. Nilisema tangu siku ya kwanza.

— Siku ya kwanza ulisema msuli, nikamkumbusha.

— Msuli unaanzia wapi kama si kwenye mfupa?

— Mimi nilisema pasi ipunguzwe uzito, akasema Mstaafu. Nenda kamuulize dobi. Wamenunua pasi nyepesi.

— Mnara wa simu uliharibika mwezi uliopita, akasema Redio kwa sauti ya chini. Siwaambii zaidi.

Katikati ya hayo akatokea Kocha. Filimbi iko shingoni, fulana ya njano iko mkononi. Hakusimama kama yuko uwanjani. Alikaa pembeni ya benchi, akamsalimia dada yake, na dada yake akampa kikombe bila kumtazama. Kiberiti alikuwa pale, juu ya ndoo yake, viatu vya mbio bado miguuni.

— Mpwa wangu, akasema Kocha. Umekimbia vizuri leo.

— Ahsante, Mjomba.

— Fulana yako nimeileta.

— Nimeiona.

— Sikumvalisha mtu. Nilisema nitamvalisha mtu, sikumvalisha.

Kiberiti akaitazama fulana. Nilidhani ataipokea, mama yake naye alidhani, niliona kwa alivyoacha kufunika birika.

— Nitarudi, akasema. Lakini anayeumwa asipandishwe kilima. Anayesema panauma, mazoezi yake yanasimama mpaka aonwe hospitali. Na siku ya kupumzika iwe siku ya kupumzika, si siku ya kukimbia polepole. Kwa wote, si kwangu tu. Wale wadogo wanakuogopa, Mjomba. Wanaumwa hawasemi.

— Kiberiti, kocha ni mimi.

— Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia wewe.

Kocha akajikuna shingo chini ya kamba ya filimbi.

— Huwezi kuniambia mimi siwajali watu. Mguu wako huo nimeulea mimi! Toka ukiwa mtoto! Nimeukanda, nimeufundisha. Umenikosesha usingizi mguu huo. Muulize yeyote hapa, tangu uumie hatuzungumzi kingine.

— Ni kweli kabisa, tukaitikia benchi zima. Hatuzungumzi kingine.

Kiberiti akasimama.

— Mguu upi?

— Mguu gani upi?

— Ulioumia. Wa kulia au wa kushoto?

Mkono wa Kocha ukanyanyuka, ukaelekea upande mmoja, ukasita, ukarudi kushika kikombe.

— Wa kulia, akasema Profesa.

— Wa kushoto, akasema Redio, wakati ule ule.

— Inategemea umesimama wapi, akasema Mstaafu.

Wakanigeukia mimi. Mimi niliyemkalisha kwenye kiti changu, niliyeona mguu umepakatwa mbele ya macho yangu. Nikatafuta kichwani, nikaona taulo, nikaona machozi, nikaona mikono ya mama yake. Mguu sikuuona. Mama Kiberiti peke yake alikuwa anajua, na alikuwa ameinamia jiko, mabega yanacheka.

Kiberiti hakungoja. Akaichukua fulana mikononi mwa mjomba wake, akaitupia begani.

— Kesho asubuhi, Mjomba. Ukiwa na jibu njoo nalo uwanjani, na hayo niliyoyasema uje umeyakubali. Usipokuja nitakimbia peke yangu.

Akaanza kukimbia kushuka ile njia ya vumbi, mwendo wa kulegeza mwili tu. Benchi zima tukainuka, na Kocha akiwa mbele yetu, tukanyoosha shingo tuone ni upi unaokanyaga kwa woga, ni upi unaobebwa na mwenzake. Ukatua mmoja, ukatua wa pili, mmoja, wa pili, vumbi dogo kila upande, sawa kwa sawa, mpaka akakata kona.

— Wa kulia, akasema Profesa. Akainamia nyayo vumbini. La.